IBN KHALDUN NCHINI MISRI: KUUZULIWA KAZI NA KUANZA UPYA UGENINI

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba wake na kila anayefuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Katika Surat Al-Qasas, kuanzia aya ya 22 hadi ya 28, Qur'an Tukufu inatupa habari za Nabii Musa (A.S.) alipotoka Misri na kuelekea Madyan. Alikuwa amelelewa katika nyumba ya Firauni. Alifika Madyan hana kazi, hana jamaa wala pa kulala. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwanyweshea maji wanyama wa wasichana wawili asiowajua. Kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake, akikiri kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Siku hiyo hiyo akapata mwenyeji, na akafunga mkataba wa kuchunga kwa miaka minane, na kama akipenda kumi. Mafaqihi wengi wamezitumia aya hizi kama dalili ya kujuzu mkataba wa ujira baina ya mwajiri na mwajiriwa.

Ndugu msomaji, suala la mtu kupoteza kazi na kuanza upya katika nchi isiyo yake halikuanza leo. Maimamu wengi wanaulizwa: "Nimeachishwa kazi, nina watoto, je nihame?" Mara nyingi jibu linalotoka kwenye mimbari ni neno moja: subira. Subira ni amri ya Allah na hakuna anayeipinga. Lakini muulizaji anataka kujua pia atende nini, achukue nini na aache nini, na nani atampokea huko aendako. Kwa sababu hiyo tumeona tuitazame kwa kina habari ya mwanachuoni mmoja ambaye jambo hili lilimfika mara nyingi, naye ni Kadhi Abdur-Rahman bin Muhammad bin Khaldun, rahimahullah. Watu wengi wanamfahamu kwa kitabu chake cha Al-Muqaddimah. Wachache wanafahamu kwamba karibu theluthi ya mwisho ya umri wake aliishi akiwa mgeni, akipewa kazi na kunyang'anywa.

NYUMBA YA WAHAMAJI

Ibn Khaldun alizaliwa Tunis tarehe 1 Ramadhani mwaka 732 H, sawa na Mei 1332 M. Nasaba yao waliirudisha Hadhramaut, kwa swahaba Wail bin Hujr (R.A.). Kutoka Bara Arabu wazee wake walihamia Andalusia wakakaa Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbiliya. Huko walikuwa watu wa elimu na utawala kwa muda mrefu. Ilipoonekana kuwa mji unaelekea kuanguka mikononi mwa Wakristo wa Castile, jambo lililotokea mwaka 1248, wao walikuwa wameshahama. Mwishowe wakatua Tunis na kuanza tena.

Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuzoea kufunga mizigo. Baba yake aliacha mambo ya siasa akajishughulisha na elimu na ibada. Kijana alihifadhi Qur'an, akasoma qiraa, hadithi, fiqhi ya Imam Malik, lugha na mantiki. Mwaka 749 H, yaani 1348 hadi 1349 M, tauni kubwa iliyoangamiza watu wengi katika nchi zote zinazozunguka bahari ya Mediterania iliingia Tunis. Iliwachukua baba yake na mama yake pamoja na masheikh wake wengi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi.

VYEO VILIVYOPANDA NA KUANGUKA

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika alama ya Sultani juu ya barua rasmi za Tunis. Muda si mrefu akaenda Fas, Morocco, akaingia katika baraza la wanachuoni na makatibu wa Sultan Abu Inan. Mwaka 1357 alituhumiwa kushiriki njama akatiwa gerezani, akakaa karibu miezi 21, hadi Sultani huyo alipofariki. Akatolewa, akarudishiwa heshima, akawa katibu wa Sultan Abu Salim na kisha mwamuzi wa malalamiko ya raia. Sultani akauawa, na upepo ukageuka tena.

Mwisho wa mwaka 1362 alivuka kwenda Granada. Sultan Muhammad wa Tano alimpokea vizuri, na mwaka 1364 akamtuma kuwa mjumbe wake kwa Mfalme Pedro wa Castile, ambaye baraza lake lilikuwa Seville. Basi mtu huyu akaingia katika mji wa mababu zake, akayaona mabaki ya athari zao. Mfalme Pedro alimtaka abaki naye na akaahidi kumrudishia mali ya wazee wake. Ibn Khaldun alikataa.

Mwaka 1365 aliitwa Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akapewa cheo cha hajibu, yaani msimamizi mkuu wa mambo ya Sultani. Mchana alishughulikia utawala, na muda uliobaki akisomesha katika msikiti wa kasri. Mwaka uliofuata Sultani wake aliuawa katika vita na binamu yake, Abul-Abbas. Cheo kikaondoka. Baada ya hapo alizunguka kwa miaka mingi baina ya Biskra, Tilimsan, Fas na Granada, akitumikia huyu na yule, hadi alipochoka. Mwaka 1375 alipata hifadhi kwa kabila la Awlad Arif katika ngome ya Ibn Salama, mbali na miji. Alikaa humo karibu miaka minne bila ya cheo chochote. Humo ndimo alimoandika Al-Muqaddimah, na rasimu yake ya kwanza aliimaliza mwaka 779 H, sawa na 1377 M, katika muda wa miezi mitano.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kazi iliyobakisha jina lake hadi leo haikuandikwa alipokuwa hajibu wa Bijaya wala katibu wa Fas. Iliandikwa alipokuwa hana kazi. Hata hivyo tusiseme kwamba ukosefu wa kazi ndio uliomfanya mwanachuoni. Elimu aliipata mapema na kwa taabu, na uzoefu wa serikali ulimpa mambo ya kuyafikiri. Alichopata ngomeni ni faragha, na faragha humnufaisha yule ambaye tayari ana kitu kifuani.

KUTOKA TUNIS

Mwaka 780 H (1378 M) alirejea Tunis kutafuta vitabu vya kukamilishia historia yake. Mtawala wa Tunis wakati huo alikuwa ni yule yule Abul-Abbas aliyemuua bwana wake wa Bijaya. Alimkaribisha, na wanafunzi wakamiminika kwake. Jambo hilo halikumpendeza Imam Ibn Arafa, mufti mkubwa wa madhehebu ya Malik mjini hapo, na baadhi ya wakubwa wa baraza. Maneno yakapelekwa kwa Sultani. Sultani akawa anamlazimisha kufuatana naye katika safari za vita, na Ibn Khaldun akaona kuwa mlango wa kusomesha kwa amani unafungwa.

Katika mwezi wa Shaaban mwaka 784 H, sawa na Oktoba 1382, palikuwa na merikebu ya wafanyabiashara bandarini ikielekea Alexandria. Aliomba ruhusa ya kwenda Hijja, akapewa. Familia yake ilibaki Tunis. Alikuwa na umri wa miaka 50 kwa hesabu ya miladi.

Wanachuoni wa historia wamejiuliza kama safari hiyo kweli ilikuwa ya Hijja au ilikuwa ni kukimbia. Hijja yake aliitekeleza mwaka 789 H, yaani miaka mitano baadaye. Sisi tunasema kwamba niya ni siri baina ya mja na Mola wake. Hadithi mashuhuri ya niya, iliyopokewa na Umar (R.A.), inamfundisha kila mwenye kuhama kuipima nafsi yake: je, anahama kwa ajili ya Allah na Mtume Wake, au kwa jambo la kidunia? Na anayehama kutafuta riziki ya halali ili awalishe watoto wake na alinde dini yake, huyo hakutoka katika kheri. Surat Al-Mulk, aya ya 15, inatuamuru tutembee katika pande za ardhi na tule katika riziki ya Allah.

MISRI ILIMPOKEAJE?

Baada ya siku arubaini hivi baharini, merikebu ilifika Alexandria siku ya Idd el-Fitr. Siku chache tu nyuma yake Sultan Barquq alikuwa ameshika kiti cha ufalme wa Misri na Sham. Ibn Khaldun alikaa Alexandria kiasi cha mwezi, kisha akaingia Cairo mwanzoni mwa mwezi wa Dhul-Qaada. Ameueleza mji huo kwa mshangao mkubwa, kwa wingi wa watu wake, madrasa zake na masoko yake.

Wanafunzi walimzunguka wakimtaka asomeshe, akaanza darsa katika msikiti wa Al-Azhar. Hakuwa na cheo. Aliyekuwa nacho ni sifa iliyomtangulia na elimu ambayo hakuna Sultani aliyeweza kuizuia bandarini. Kisha amiri mmoja, Altunbugha Al-Jubani, akamtambulisha kwa Sultan Barquq, na Sultani akampangia posho. Mwanzoni mwa mwaka 786 H (1384 M) akapewa nafasi ya mwalimu katika madrasa ya Qamhiyya.

Tuitazame madrasa hii. Ilikuwa karibu na msikiti wa Amr bin Al-As (R.A.), na iliwekwa wakfu na Sultan Salahud-Din Al-Ayyubi kwa ajili ya Wamaliki. Aliiwekea mashamba huko Fayyum. Ngano iliyotoka katika mashamba hayo iligawiwa walimu na wanafunzi, ndiyo maana ikaitwa Qamhiyya, kwa neno la Kiarabu qamh lenye maana ya ngano. Salahud-Din alifariki mwaka 1193. Karibu miaka mia mbili baada yake, ngano ya wakfu wake ilimlisha mtu kutoka Tunis ambaye mwenye wakfu hakumjua wala hakumsikia.

Jambo jingine lililomfaa ni mfumo wa ukadhi. Tangu mwaka 663 H (1265 M), Sultan Baybars aliweka makadhi wakuu wanne Cairo, mmoja kwa kila madhehebu: Shafi, Hanafi, Maliki na Hanbali. Raia wengi wa Misri ya chini walifuata madhehebu ya Imam Shafi, na watawala walikuwa wakielekea kwa Imam Abu Hanifa. Mfumo huo ulimpa Mmaliki kutoka Maghrib kiti kinachotambulika. Hakutakiwa kuacha fiqhi aliyosoma ili apate kazi.

UKADHI NA MSIBA

Katika mwezi wa Jumadal-Akhira mwaka 786 H, sawa na Agosti 1384, Sultan Barquq alimuuzulu kadhi mkuu wa Wamaliki na kumteua Ibn Khaldun. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliikuta mahkama imejaa uoza. Miongoni mwa mashahidi rasmi walikuwamo wasio waadilifu waliokuwa wakikingwa na maamiri. Wengine walikuwa wajuzi wa kutafuta tundu za kuvunjia mali ya wakfu. Walikuwapo pia watu waliotoa fatwa bila ya elimu, wakapingana hata muulizaji asijue ashike ipi. Yeye akashikilia kuwa mkubwa na mdogo ni sawa mbele ya hukumu. Akawaadhibu baadhi ya mashahidi na kuwazuia wengine.

Walioguswa hawakukaa kimya. Walimzushia kila aina ya maneno, na ugeni wake ukawa silaha mikononi mwao. Walisema hajui desturi za mahkama za Misri. Walimlaumu hata kwa mavazi, kwani alishikilia kuvaa burnusi ya Kimaghribi na hakuvaa vazi la makadhi wa Misri.

Wakati fitina hiyo ikichemka, msiba ukamfika. Sultani wa Tunis alikuwa ameizuia familia yake isitoke, akitumaini kuwa kwa njia hiyo atamrejesha. Sultan Barquq aliandika barua ya kuwaombea, na wakaruhusiwa kusafiri. Merikebu yao ilipatwa na dhoruba karibu na Alexandria ikazama. Ibn Khaldun anaeleza kwamba kwa pigo moja vilimwondokea mali, nyumba na watoto. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Anasema kwamba alifikiria kuuacha ukadhi lakini akachelea kumuudhi Sultani. Katika mwaka 787 H (1385 M), baada ya takriban mwaka mmoja kazini, aliuzuliwa. Hana familia, hana kiti, na nchi si yake.

MIAKA KUMI NA NNE BILA YA KITI

Baada ya hapo hakurudi katika ukadhi mpaka mwaka 801 H (1399 M). Ni miaka kumi na nne kwa hesabu ya Hijria. Je, aliifanyia nini?

Kwanza, alisomesha. Hakuona haya kurudi kwenye mkeka wa mwalimu baada ya kukaa kwenye kiti cha kadhi mkuu. Alisomesha Qamhiyya, akasomesha fiqhi ya Maliki katika madrasa mpya ya Sultan Barquq, na mwaka 791 H akapewa darsa ya hadithi katika madrasa ya Sarghatmishiyya, akasomesha Al-Muwatta ya Imam Malik. Pili, alihiji mwaka 789 H na kurejea mwaka uliofuata. Tatu, aliendelea kukisahihisha na kukiongeza kitabu chake. Alipokuwa Maghrib alijua zaidi habari za Waarabu na Mabarbari wa Maghrib. Misri ilimpa maktaba, wasafiri na habari za mashariki, naye akaviingiza. Mwaka 799 H alipeleka nakala ya kitabu chake Fas iwe wakfu kwa wanafunzi wa msikiti wa Al-Qarawiyyin. Nchi iliyomfunga gerezani hakuinyima elimu yake.

Alipoitwa tena ukadhini mwaka 801 H, alikuwa Fayyum akishughulikia mavuno. Kadhi mkuu wa zamani hakuona aibu kusimamia ngano.

Kuanzia hapo hadi kufa kwake aliteuliwa na kuuzuliwa mara kadhaa, na jumla ya vipindi vyake vya ukadhi ni sita. Mwaka 803 H, akiwa ameuzuliwa kwa mara ya pili, alifuatana na jeshi la Misri kwenda Damascus kukabiliana na Timur, na ikamlazimu kuteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta wa mji ili aende kukutana na mvamizi huyo. Njiani akirudi aliporwa. Alifika Cairo, na mwaka huo huo akateuliwa kadhi kwa mara ya tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani mwaka 808 H, sawa na Machi 1406, akiwa kadhi, na akazikwa nje ya mlango wa Bab An-Nasr mjini Cairo. Hakurudi Tunis.

LAWAMA JUU YAKE

Si uadilifu kumwandika mtu kama kwamba hakuwa na kasoro. Wapo waliomshutumu kwa kupenda vyeo na kwa kuhama kutoka kwa bwana huyu kwenda kwa mwingine pale alipoona upepo umebadilika. Mwaka 791 H, maamiri walipomwasi Sultan Barquq na kuushika mji, mafaqihi walitakiwa watie saini fatwa dhidi ya Sultani. Ibn Khaldun alitia saini pamoja na wenzake. Barquq aliporudi madarakani, yeye akaomba radhi, lakini usimamizi wa khanqah ya Baybarsiyya aliokuwa amepewa ukamtoka. Al-Hafidh Ibn Hajar Al-Asqalani, ambaye alisoma kwake, alinakili maneno makali dhidi yake, hali ya kuwa Al-Maqrizi, mwanafunzi wake mwingine, alimsifu sana.

Faida ya kuyataja haya ni kwamba mgeni anayekula kwa mkono wa mtawala yumo katika mtihani mkubwa kuliko mwenyeji. Hana ukoo wa kumtetea. Akiambiwa atie saini, hana pa kwenda. Huenda wengi wetu tungesaini. Lakini udhaifu wa mwanachuoni hauwi hoja ya Sharia.

MAFUNZO YA KIFIQHI

Kutokana na habari hii tunapata mambo kadhaa.

Kwanza: riziki na mshahara si kitu kimoja. Katika Al-Muqaddimah, mlango unaohusu maisha na kazi, Ibn Khaldun anafafanua kuwa chumo la mtu hutokana na kazi yake na juhudi yake, lakini vyote ni kwa uwezo wa Allah na kutoka Kwake. Aliyepoteza mshahara amefungiwa mlango mmoja, na mwenye milango hakufunga yote. Surat At-Talaq, aya ya 2 na ya 3, zinamuahidi mwenye taqwa njia ya kutokea na riziki kutoka asikotarajia. Tuangalie kwamba ahadi hiyo imefungamanishwa na taqwa. Wala haina maana ya kukaa na kungoja. Abdur-Rahman bin Awf (R.A.) alipofika Madina, ndugu yake wa kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alimtaka agawane naye mali yake nusu kwa nusu. Yeye alimwombea baraka na akauliza soko liko wapi. Alianza kwa jibini na samli.

Pili: mgeni aliyekatikiwa na mali ana haki. Ibn sabil ni mmoja wa watu wa aina nane waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, kuwa wanastahiki zaka. Mafaqihi wamesema hupewa hata kama kwao ana mali, maadamu alipo hawezi kuifikia. Haki hii aghalabu haitajwi mimbarini, na matokeo yake mgeni hulala njaa karibu na msikiti ambao ndani yake zaka inagawiwa.

Tatu: hukumu alizotoa kadhi kabla ya kuuzuliwa haziharibiki kwa kuuzuliwa kwake. Kinachomtoka ni mamlaka, si haki za watu zilizokwisha kuamuliwa. Na hili lina mafunzo kwa kila aliyeachishwa kazi: wema uliotendwa katika kazi hiyo haukufutwa na barua ya kuachishwa.

Nne: posho ya kadhi, mwalimu na imamu kutoka katika wakfu au hazina ya Waislamu imejuzu, na mafaqihi wameiita riziki, wakiitofautisha na ujira wa kukodiwa. Abu Bakr (R.A.) aliposhika ukhalifa alipangiwa matumizi ili aache biashara yake na kuwashughulikia Waislamu. Lakini Ibn Khaldun mwenyewe ametahadharisha kwamba kadhi, mufti, mwalimu, imamu, khatibu na muadhini kwa kawaida hawatajiriki kwa kazi zao, kwa sababu watu wa kawaida hawahisi kuzihitaji kila siku kama wanavyohitaji kazi nyingine. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia sita, na maimamu wa leo wanayajua bila ya kuyasoma.

Tano: anayehama aihesabu gharama ya familia. Ibn Khaldun aliondoka peke yake na kuiacha familia katika mkono wa mtawala aliyekuwa na hila naye. Aliyoyakadiria Allah hayakimbiliki, na hatusemi kuwa yeye ndiye sababu ya dhoruba. Lakini kuchukua sababu ni wajibu, na wenye kuhama leo kwenda kutafuta kazi nchi za mbali wajiulize: mke na watoto wanabaki kwa nani, kwa matumizi gani na kwa muda gani? Nafaka ya mke haikatiki kwa mume kusafiri.

KATIKA PWANI YETU

Habari kama hizi hazikuwa ngeni kwa masheikh wa Afrika Mashariki. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi Zanzibar wakati wa Sayyid Barghash. Alipokosana na Sultani huyo aliondoka, akaenda hadi Istanbul, akakutana na maulamaa na kuongeza elimu. Barghash alifariki mwaka 1888, naye akarejea Zanzibar na kushika tena ukadhi. Alifariki huko mwaka 1925, akiwa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa pwani hii.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1912, alihamia Kenya miaka michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Tafsiri yake kamili ya Qur'an kwa Kiswahili ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Mwishowe alihamia Oman, akafariki Muscat mwaka 1982. Wote wawili, kama Ibn Khaldun kabla yao, walikuta mbele yao watu waliokuwa tayari kumkalisha mgeni na kumsikiliza.

HITIMISHO

Ndugu zangu maimamu na wanafunzi, tumezoea kumnasihi anayehama na tukawasahau wanaomwona akifika. Ibn Khaldun alikuwa na elimu kubwa, lakini alikuta pia ngano ya wakfu, darsa ya Al-Azhar ambayo haikumuuliza anatoka wapi, na kiti cha madhehebu yake. Tujiulize ni wakfu gani tulioweka sisi ambao utamlisha mwalimu asiyejulikana baada ya miaka mia mbili. Tuangalie kama katika misikiti yetu kuna mtu anayejua jina la mgeni anayeswali safu ya nyuma, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na anachoweza kukifanya hapa. Huenda ni fundi, huenda ni mhasibu, huenda ni hafidh. Kumtafutia kazi mtu wa namna hiyo ni sadaka, na huenda ikamfaa kuliko fedha tutakayomtia mkononi siku moja.

Na kwa aliyeachishwa kazi tunasema: Musa (A.S.) alianza kwa kuwanyweshea maji wanyama wa watu asiowajua, kisha ndipo akaketi kivulini na kuomba. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake bila ya kuuliza malipo, na malipo yakamfuata.

Tunamwomba Allah awafungulie milango ya halali wote waliofungiwa, awarudishe waliopotezana na jamaa zao, na amrehemu Ibn Khaldun na maulamaa wetu wote waliofia ugenini. Wallahu aalam.

Wabillahi tawfiq.